Ruhusa ya Kutazama Kioo

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Aliyewahi kufika anaijua, na asiyefika akae vivyo hivyo, asijitafutie safari. Ilikuwa na milima, mito, bendera ya rangi saba na wimbo wa taifa wa beti arubaini. Na juu ya vyote hivyo ilikuwa na Mlezi.

Mlezi hatazamwi. Hilo ndilo jambo la kwanza mtoto wa nchi ile alilofundishwa, kabla hata hajafundishwa kunawa. Picha yake ilikuwapo sokoni, shuleni, mahakamani, mpaka kwenye vyoo vya serikali, na kila apitaye mbele yake alitakiwa ainamishe kichwa, ahesabu saba moyoni, ndipo aendelee na hamsini zake. Kwa hiyo watu wa huko walikuwa na shingo nzuri sana, laini, zinazopinda bila mlio. Wageni walizisifu.

Kompyuta zilipoingia, ikatoka amri kwamba picha ya Mlezi iwekwe ndani ya kila kioo, pembe hadi pembe, na maandishi yapite juu yake. Pakazuka kikwazo kidogo: karani atakaaje kutwa nzima mbele ya uso usiotazamwa? Kikatatuliwa siku ile ile. Makarani wote wakafundishwa kuandika huku wameinamia kibodi. Kioo chenyewe hakuna aliyekitupia jicho. Barua ikishaandikwa hutolewa kwenye printa, ikasomwa karatasini, macho chini, kwa adabu. Ilitokea mara moja karani akabonyeza kitufe cha herufi kubwa bila kujua, na barua ya kuwaalika mabalozi kwenye chai ikatoka kama amri ya vita. Mabalozi wote walikuja, tena mapema.

Basi ndani ya Idara ya Kumbukumbu ya nchi hiyo alikuwapo karani mmoja, Mashavu Ngwali, mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mwenye vidole vyepesi kuliko vya jengo zima. Alikuwa akiandika huku anazungumza na shoga yake Pili Machano wa meza ya pili, na mazungumzo hayakuharibu kazi wala kazi haikuharibu mazungumzo. Mpaka siku alipotumwa kuvuta juzuu ya ishirini ya Hotuba Kamili za Mlezi. Juzuu zilikuwa arubaini na moja, zimefungwa kwa mbao na shaba, na rafu ilikuwa imechoka tangu zamani. Zilimshukia zote, kwenye shingo.

Taarifa ya kwanza iliandika kwamba mtumishi alielemewa na hotuba. Aliyeiandika akaitwa akaulizwa, tangu lini hotuba za Mlezi zikawa mzigo? Taarifa ya pili ikasema mtumishi alijilaza chini ya hotuba kwa mapenzi yake mwenyewe. Hiyo ilipita.

Mashavu alitoka hospitali miguu mizima, akili nzima, na ulimi ndio usiseme. Lakini mikono yote miwili ilikuwa inaning'inia kama mikono ya kanzu iliyoanikwa. Alikuwa amelala kitandani siku kumi na tisa.

Hizo siku zilikuwa na hesabu yake. Sheria ya utumishi ilisema, mtumishi asiyeandika kwa siku thelathini hupewa mapumziko. Nyumba ya Mapumziko ilikuwa juu ya kilima, nyeupe, na vyungu vya maua barazani. Waliopelekwa huko hawakurudi, kwa jinsi walivyopumzika. Kila mwaka mpya walituma kadi za salamu kwa jamaa zao, na kadi zote zilikuwa za mwandiko mmoja, mzuri sana.

"Zimebaki kumi na moja," Pili alimwambia, akimfunga mtandio. "Tukatafute kifaa."

"Kifaa gani?"

"Sijui. Dunia nzima hii, haiwezekani wewe ndiye wa kwanza kufiwa na mikono."

*

Mambo yote ya mikono yalikuwa chini ya Idara ya Mikono, iliyoundwa kusimamia kupiga makofi, kupunga na kunyoosha. Mkurugenzi wake, Bwana Mbarouk Shoka, aliwapokea vizuri mno.

"Karibu, bibie. Lete mkono tusalimiane."

"Hauinuki, Mheshimiwa. Ndicho kilichonileta."

"Ndiyo, ndiyo, nimeona kwenye faili." Akatoa karatasi. "Fomu ya kuombea kifaa saidizi. Uijaze kwa mkono wako mwenyewe. Usisaidiwe na mtu. Ukisaidiwa, basi msaada unao, kifaa cha nini?"

"Mheshimiwa, ningekuwa na mkono wa kuijazia, ningekuja kuiomba?"

"Swali zuri hilo, na waliotunga fomu waliliona. Ndiyo maana kwa miaka kumi na sita hatujapokea ombi hata moja." Shoka akatabasamu kwa unyenyekevu. "Tumetangaza kwa majirani kwamba nchi hii haina mlemavu. Walipiga makofi."

Mashavu aliinama, akaichukua kalamu ya Mkurugenzi kwa meno, kalamu ambayo kwa harufu ilikuwa imetafunwa na wakurugenzi watatu kabla yake, na akaijaza fomu mstari kwa mstari, mate yakidondoka mezani. Shoka akatazama huku ameshika tai yake isilowe. Fomu ilipokwisha aliigeuza mbele na nyuma akitafuta kosa.

"Mwandiko mzuri kuliko wa Katibu wangu," akasema kwa huzuni. "Haya. Nendeni ghalani. Lakini kwa kuangalia tu."

*

Ghala lilikuwa limejaa zawadi za nchi za nje, masanduku mpaka darini, lakiri hazijavunjwa. Kuvunja lakiri kungekuwa ni kukiri kwamba kitu kinahitajika. Mtunza ghala, Simai, alikuwa mtu mfupi mwenye tabia ya kucheka peke yake. Masanduku mawili matatu alikuwa ameyafungua kwa udadisi tu, akayafunga tena kwa gundi ya viatu.

"Miaka kumi na sita nangoja mteja," akasema. "Kaa hapo, dada. Hii ni ya miguu. Unakanyaga, herufi inatoka."

"Nipe hiyo hiyo," alisema Mashavu.

"Ningekupa. Lakini utakuwa unamwelekezea Mlezi nyayo kutwa. Miaka minne jela."

Akaiweka kando, akatoa kijiti chenye mpira. "Hiki unakiuma, unadonolea kibodi."

"Nimejaza fomu hivyo hivyo leo."

"Fomu ni dakika mbili. Ofisini kila saa kengele inalia, nyote mnasema Aishi Mlezi. Utasemaje na kijiti mdomoni? Miaka sita." Akatoa mkanda wenye ncha ndefu. "Huu unaufunga kwenye paji la uso. Inakaa kama pembe."

"Pembe," alisema Pili. "Umwelekezee Mlezi."

"Hiyo hawakuiandikia miaka. Wameacha wazi." Akachukua mrija. "Na huu unaupulizia."

"Usimalize, tumeelewa."

Mwisho Simai akaleta kijisanduku cheusi, chembamba, urefu wa rula, chenye macho mawili madogo mekundu. "Hiki hakikanyagwi wala hakiumwi. Unakiweka chini ya kioo, chenyewe kinayafuata macho yako. Herufi zinakuja kwenye kioo. Ukiikazia moja kwa kuhesabu mbili, inaandikika. Wewe kazi yako kutazama tu."

"Kutazama wapi?" akauliza Mashavu.

"Kwenye kioo."

Mahali fulani ghalani kulikuwa na panya anatafuna zawadi.

"Kwenye kioo yuko Mlezi," alisema Pili.

Simai akajikuna kidevu. "Nimeisoma sheria, sina kazi nyingine humu. Inasema *yeyote apitaye au asimamaye mbele ya picha*. Huyu atakuwa amekaa."

Mashavu alikitazama kile kijisanduku, nacho kikamtazama. Alihesabu siku zake. Leo ikiisha, zingebaki kumi.

"Nifungieni," akasema.

*

Siku ya kwanza ilimpa kichefuchefu. Siku ya tatu aliwapita makarani wa mkoa mzima. Pili alikaa meza ya pili, ameinama kama wenzake, akisikia mlio wa *ti*, *ti*, *ti* bila kidole kugusa kitu, na kila saa nne alimletea chai na mrija.

"Hebu niambie, shoga," alinong'ona siku moja. "Yukoje?"

"Nani?"

"Huyo. Miaka ishirini na mbili namwinamia, sijui hata kama ana masharubu."

Mashavu alifikiri. "Masharubu hana. Uso wake ni wa mtu aliyeagiza chakula, kinachelewa."

Pili alicheka mpaka chai ikampalia, na alipoacha kucheka alikizungusha kikombe muda mrefu.

Asubuhi ya siku ya tano Bwana Shoka akapita kukagua. Alitembea kama kila mtu alivyotembea ofisini, macho kwenye sakafu, akihesabu viatu. Mbele ya meza ya Mashavu akasimama. Aliona mikono miwili inaning'inia, na huku *ti*, *ti*, *ti* inaendelea.

"Nani anaandika hapa?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa macho."

Chumba kizima kikaacha kuandika. Haijawahi kutokea tangu kompyuta ziletwe, hata siku ya tetemeko.

*

Kamati iliitwa siku ile ile. Wajumbe tisa walikaa mezani wote wameinama, maana ukutani palikuwa na picha, na Bwana Shoka akaihutubia meza.

"Ndugu wajumbe. Wengine wamejenga mataifa yao kwa chuma. Wengine kwa mahindi. Sisi tulikuwa hatuna chuma, na mahindi mnajua yalivyo. Sisi tumejenga letu kwa shingo. Shingo hii, ndugu wajumbe, ndiyo reli yetu, ndiyo bandari yetu, ndiyo shule yetu. Leo amepatikana raia anayekaa saa nane kwa siku, shingo wima kama mwiko, anamkodolea macho Mlezi. Nauliza, kesho tutajenga kwa nini?"

Meza ikapigwa makofi.

Kijisanduku kikaletwa kama kidhibiti. Hapo ndipo ikajulikana kwamba kilikuwa na tabia ya kuweka kumbukumbu. Kila mahali macho yalipotua kilipaandika, na muda wake. Printa ikatoa karatasi sitini za siku moja tu, na mjumbe mmoja akazisoma kwa sauti inayopungua: nyusi ya kushoto ya Mlezi, dakika kumi na mbili, kidevu, dakika tisa, sikio la kulia, saa moja na robo.

"Saa moja na robo," alisema Shoka. "Una nini na sikio la Mlezi, bibie?"

"Kwenye sikio ndiyo imekaa herufi A, Mheshimiwa. Lugha yetu ina A nyingi."

Wajumbe wakajaribu maneno kimoyomoyo, midomo ikicheza. Bendera, taifa, amani, mapumziko. Ilikuwa kweli.

Mashavu alikuwa bado amesimama pale. Siku zake zilikuwa zimesimama kuhesabiwa kwa kuwa alikuwa anaandika. Wakikichukua kijisanduku zitaendelea palepale zilipoishia, na kule kilimani vyungu vya maua vilikuwa vinamwagiliwa kila jioni. Akangoja. Lakini Bwana Shoka alikuwa ameshika zile karatasi sitini, anazigeuza moja moja polepole, kama mtu aliyeokota barua ya mke wa jirani.

"Hiki kitu," akasema, "kinajua macho ya mtu yalipokwenda."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ya mtu yeyote?"

Mashavu alijua jibu, na alijua pia kwamba hakuna jibu la kusaidia. "Yeyote atakayekaa mbele yake."

Shoka akazikunja karatasi kwa upole. "Ndugu wajumbe," akasema, "huyu mama ametuletea neema."

*

Ghala likafunguliwa kwa bendi. Masanduku mia tatu ambayo hati zake zilisema ni taa za kusomea yakatolewa, kumbe ndani ni vijisanduku vile vile, na kila karani mzima wa mikono akawekewa kijisanduku chake chini ya kioo. Waliambiwa ni kwa afya ya macho.

Habari kwamba vifaa vipo ilikuwa imeshatoka nje. Siku ya pili, mbele ya ghala palikuwa na mstari wa watu ambao kwa mujibu wa takwimu hawakuwapo nchini: fundi cherehani aliyekatika vidole, kijana wa kiti cha magurudumu aliyetaka kusomea uhasibu, mwalimu mtu mzima ambaye mikono ilimtetemeka kama anapepeta mchele. Simai alisimama mlangoni. Siku hiyo hakucheka.

"Vimekwisha," alisema. "Wamepewa wazima."

Mwalimu alimwona Mashavu akipita na Pili. "Hongera, dada," alimwambia bila chuki. "Umetuchimbia njia, wamepita wao."

Mfukoni Mashavu alikuwa na barua ya kupandishwa cheo.

Shida ya Bwana Shoka, ambaye sasa alikuwa Mkurugenzi wa Mikono na Macho, ilikuwa karatasi. Karani mmoja, karatasi sitini kwa siku. Makarani mia tatu, msitu mzima. Kumbukumbu zile lazima zisomwe kwenye kioo. Na nchi nzima ilikuwa na raia mmoja tu aliyezoea kutazama kioo. Kamati ikamwandikia hati yenye mihuri minne: *Mwenye hati hii anaruhusiwa kutazama.* Akapewa chumba, mlango mnene, kioo kikubwa kama kitanda, na cheo cha Msomaji Mkuu.

"Usipoitaka kazi hii," alisema Shoka, "kijisanduku kinarudi serikalini. Utabaki na siku zako. Ngapi vile?"

"Kumi."

"Kumi," akaitikia, kwa masikitiko ya kweli.

*

Kazi ilionekana nyepesi. Asubuhi mashine yenyewe ilipanga majina ya wale ambao jana waliinua macho, yakatokea juu ya uso wa Mlezi, na Mashavu akayasoma. La kwanza lilikuwa Vuai Khatibu, wa mihuri. Akalisoma kama mtu asomavyo. Lilipofika hesabu ya mbili likageuka jekundu, *ti*, likatoweka.

Mchana alipopita chumba cha mihuri, kiti cha Vuai kilikuwa kitupu na kikombe chake kinafuka moshi. Walimwambia ilikuja gari nyeupe yenye mapazia. Vuai alikuwa amepewa mapumziko.

Alisimama pale akikitazama kile kikombe mpaka aliyekuwa karibu akamsogeza. Kisha alikwenda kwa Shoka mbio, mikono ikimpiga ubavuni.

"Mheshimiwa, mimi nasoma tu."

"Ndiyo kazi yako, bibie."

"Lakini kusoma kwangu ndiko kubonyeza. Nikilitazama jina, nimelichagua. Mimi sijamchagua Vuai."

"Hakuna aliyesema umemchagua. Umemsoma. Jina likisomwa, karatasi inatoka kwenye printa yangu, gari inakwenda. Mimi mwenyewe sigusi kitu. Hilo ndilo zuri lake, hakuna anayegusa kitu."

Siku iliyofuata Mashavu alijifunza kusoma kwa kuruka. Jicho liliguse jina, liondoke kabla ya mbili, liguse jingine, kama nzi juu ya sinia. Alirudi nyumbani kichwa kinamuuma mpaka meno. Lakini siku hiyo gari haikutoka. Wala siku ya pili, wala ya nne. Siku ya kumi Shoka akaingia, akasimama nyuma ya kiti chake, macho sakafuni.

"Watu wamekuwa wema ghafla," alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nimemwambia fundi apunguze. Sasa ni hesabu ya moja."

Mashavu akajifunza kuruka upesi zaidi. Wiki iliyofuata ikawa nusu. Alikuwa anayapita majina kama mtu anayekanyaga makaa, na bado siku moja chafya ilimshika macho yakiwa juu ya jina la mtu asiyemjua, *ti*, na jioni hakula. Asubuhi yake alikuta fundi ameshatoka: majina hayakuja tena kwa orodha. Lilikuja moja moja, herufi kubwa, limekijaza kioo ukingo hadi ukingo, pasibaki pahali pa kulikimbizia jicho.

Na Bwana Shoka alikuwa ameleta kiti chake.

"Leo nitakaa nawe," alisema. "Nipate kusikia."

*

Pili alikuwa ameinua kichwa jana yake, saa tano kasoro. Hakuwa na nia mbaya wala nzuri. Alikuwa anaandika hati ya mifugo, na katikati ya neno la *mbuzi* lile swali lake la miaka ishirini na mbili likamwasha kama upele. Chakula kinachelewa. Kinachelewa vipi? Akainua jicho, akatazama. Sekunde nne. Aliona ni kweli kabisa, akaguna, akarudi kwa mbuzi wake.

Mashavu hayo hakuyajua. Alichojua ni kwamba kioo kilimeta na likaanza kuingia jina, kutoka kushoto, herufi moja baada ya nyingine, na herufi mbili za mwanzo zilikuwa P na I.

Akafumba macho.

Alimsikia Shoka akipumua nyuma yake. Aliwaza majina yote yanayoanza hivyo katika jengo zima, na halikuja ila moja.

"Mbona kimya, bibie?"

"Linaingia, Mheshimiwa."

"Refu hivyo?"

Akayabana macho mpaka akaona rangi. Kijisanduku, ambacho hakikuumbwa kukaa bila macho, kikaanza kulia, sauti nyembamba ya kusihi. Mwanzo kilimtafuta yeye, uso wake, kope zake. Kilipomkosa kikapanua utafutaji wake.

"Kinalilia nini hicho?" alisema Shoka. Alikuwa ameinama tangu utotoni, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, na hajawahi kupungukiwa na kitu kwa kuinama. Lakini sauti ile ilikuwa inakwaruza, na kazi ilikuwa yake, na mwanamke yule alikuwa hasemi. Akainua kichwa.

Kijisanduku kikanyamaza, kimeridhika. Kilikuwa kimepata macho, na mwenye macho alikuwamo kwenye daftari la watumishi. Na kwa kuwa macho hayo hayakuwa na hati yoyote yenye mihuri minne, kikafanya kama kilivyofundishwa: kosa jipya likaja mbele ya kosa la jana. Jina lililokuwa linaingia likarudi pembeni, na jina jingine likakijaza kioo, MBAROUK SHOKA.

Mwenye jina akaliona. Nani anaweza kuliona jina lake limeandikwa kubwa namna ile asilisome?

*Ti.*

Mashavu aliusikia mlio akadhani ni Pili. Alibaki palepale, macho amefumba, machozi yakipita kwenye pua bila mkono wa kuyafuta. Alisikia printa ikiguguna chumba cha pili. Alisikia kiti cha Shoka kikisukumwa, na Shoka akisema kwa sauti ndogo, "Hapana, hapana, hili ni la majaribio." Halafu viatu vya watu wawili, laini, viatu vya watu wa gari nyeupe, waliokuwa na adabu kuliko watumishi wote wa serikali ile. Walikuwa wameinamia karatasi yao.

"Mbarouk Shoka ni nani hapa?"

"Mimi ndiye Mkurugenzi."

"Hongera, Mheshimiwa. Umepewa mapumziko."

"Sikilizeni. Kazi hii nimeianzisha mimi."

"Ndiyo maana umechoka, Mheshimiwa. Tahadhari na kizingiti."

Wakaondoka naye. Hakupiga kelele. Shingo yake ilikuwa ya nchi ile.

Mashavu akabaki peke yake na kijisanduku, akajua bila kuambiwa kwamba kosa jipya likishashughulikiwa la jana hurudi mahali pake. Jina la shoga yake lilikuwa mbele ya uso wake sasa hivi, kubwa kama mlango, na baina yake nalo palikuwa na kope mbili. Akafikiria meza yake, na kile kiburi cha kuwapita makarani wa mkoa mzima bila kidole. Kijisanduku kikaanza tena kulia.

Mlango ukafunguliwa. "Shoga, chai. Mbona kile kiti kimeanguka? Na wewe umefumba nini, una mchanga?"

"Pili, usitazame juu. Umesikia? Tazama miguu yako."

"Natazama miguu yangu miaka yote."

"Iweke chini hiyo chai. Nishike kiunoni, unitoe."

"Tunakwenda wapi?"

"Nje ya jengo. Kwengine tutakujua tukifika."

"Na kazi?"

"Nitoe, Pili."

Pili alikiweka kikombe sakafuni, akamshika. Walitoka kwenye ukumbi mrefu wenye picha kumi na nne, mmoja amefumba, mmoja ameinama, wakapita mbele ya walinzi wa mlango wa kwanza na wa pili, ambao kazi yao ilikuwa kumzuia Msomaji Mkuu asitoke saa za kazi. Walinzi walikuwa wameinama. Waliona jozi mbili za kandambili zinapita, za kike, na kwa kandambili hawakuwa na maelekezo.

"Bado?" aliuliza Mashavu.

"Bado. Ngazi. Moja. Mbili."

Nyuma yao, ndani ya kile chumba, kijisanduku kilizidi kulia, taratibu, kama kitoto kilichoachwa kitandani. Mlango walikuwa wameuacha wazi. Sauti ikatoka, ikaingia vyumba vya jirani, ikapita juu ya vichwa vya makarani walioinamia kibodi zao. Na katika chumba cha tatu mtu mmoja mwenye huruma akaacha kuandika, akasikiliza, akaanza kuinua kichwa.